Wafanyakazi wangu husaini fomu ya tathmini kabla sijamaliza kuisoma

Ndugu washauri,

Ninasimamia kitengo chenye watu tisa. Tunapokea maagizo ya wateja, tunaandaa ankara na kufuatilia malipo. Kila mwisho wa mwaka idara ya utumishi huniletea fomu za tathmini ya utendaji kazi, kurasa nne kwa kila mtu. Nazijaza nyumbani jioni, kwa uangalifu, kisha namwita mmoja mmoja ofisini.

Shida huanzia hapo. Mimi nasoma, wao wanatikisa kichwa. Nikiuliza, "Una la kuongeza?" jibu ni lile lile: "Hapana bosi, hakuna shida." Mwaka jana mmoja wao, mzoefu kuliko wote kwenye kazi ya ankara, alishika kalamu nikiwa bado ukurasa wa pili, akafunua wa mwisho, akasaini, akauliza kama anaweza kurudi kazini. Wiki hiyo hiyo nikaambiwa na mwenzake kwamba analalamika alama nilizompa hazifanani na kazi aliyofanya. Kwa nini hakuniambia mimi?

Fomu ina sehemu ya kujitathmini. Wanne waliandika "nzuri" kila mahali, watatu wakajipa alama za juu kabisa, wawili wakaiacha tupu. Nimewasihi wawe huru kusema, lakini wapi. Na hawa si watu wa kunyamaza: wakati wa chai wanabishana mpaka chumba cha pili wanasikika.

Zimebaki wiki sita kabla ya tathmini ya mwaka huu. Nifanye nini washiriki kweli? Tena mjue kwamba alama hizi zinaingia kwenye hesabu ya nyongeza ya mshahara, na watu wa utumishi wanazitaka kwa tarehe waliyopanga.

Msimamizi anayezungumza peke yake

*

Ndugu Msimamizi,

Yule aliyesaini ukiwa ukurasa wa pili aliielewa shughuli vizuri. Fomu ilifika mezani imeshajaa, alama ziko ndani ya visanduku kwa wino. Kazi pekee aliyobakiziwa ilikuwa kusaini, akaifanya. "Una la kuongeza?" linaloulizwa mwishoni, juu ya karatasi iliyokwisha kuandikwa, si swali la kutaka jibu, na mtu mzima analijua hilo. Kumwambia awe huru hakusaidii kama hakuna kitu ambacho maneno yake yanaweza kukibadili.

Kwa hiyo tusianze na siku ya kikao. Ukimya wa kikaoni hutengenezwa wiki nyingi kabla, na wiki sita ulizonazo zinatosha kuutengua.

Anza na kumbukumbu, maana ndiyo inayokosekana zaidi. Mwaka ni mrefu. Bila maandishi, wewe na wao mtakumbuka mambo ya wiki chache za mwisho pamoja na lile kosa moja lililowahi kuleta kelele. Anayeulizwa ghafla afafanue kazi ya miezi kumi na miwili ataandika "nzuri", si kwa dharau bali kwa sababu hana cha kushika. Wiki hii wape wote dakika 30 za saa za kazi, wafungue barua pepe, daftari na rejesta zao, waorodheshe kazi kubwa walizofanya tangu tathmini iliyopita. Baada ya hapo, kila Ijumaa, dakika kumi tu, mistari mitatu: nimekamilisha nini, nini kimekwama na kwa sababu gani, ushahidi uko wapi.

Watu wengi hukosea kwenye mstari wa kwanza kwa kuandika shughuli badala ya matokeo. "Nimeshughulikia ankara" ni maelezo ya cheo chake, hayakuambii kitu. Waonyeshe mfano wa namna hii:

"Ankara 14 zimerudishwa wiki hii. 11 kati yake namba ya agizo haikulingana na iliyo kwenye hati ya kupokelea mzigo. Nimekaa na mtu wa ghala, zote 11 zimerekebishwa na kutumwa tena Alhamisi. Tatu zilizobaki zinasubiri idhini ya bei. Barua pepe ya tarehe 9 ipo."

Hapo kuna idadi, kuna chanzo cha tatizo, kuna alichofanya na kuna pa kuhakikishia. Mtu mwenye mistari kumi ya aina hiyo hakai kimya akisomewa kwamba "anahitaji kuongeza umakini". Ila kumbukumbu hiyo ni yake. Usiikusanye, usiikague Ijumaa jioni, usiulize kwa nini fulani hajaandika. Ukiigeuza kuwa ripoti ya wiki, itajaa yale wanayodhani unataka kuyasoma, nawe utakuwa umerudi ulikotoka.

Jambo la pili ni kueleza shughuli yenyewe. Wakusanye wote kwa dakika 45, karibu mwezi mmoja kabla, bila kuzungumzia utendaji wa mtu yeyote. Waambie alama hupangwa vipi, nani mwingine anaiona fomu, inahifadhiwa wapi na kwa muda gani, alama ikibadilishwa baada ya kikao hubadilishwa na nani, na asiyekubali anaandika wapi. Kama hujui jibu la mojawapo ya haya, uliza idara ya utumishi kabla ya kuwaita. Kisha wape zoezi: andika nusu ukurasa kuhusu mfanyakazi wa kubuni, mwenye mazuri na mapungufu, na kila mmoja ampe alama kwa kutumia vigezo vya fomu. Alama zitapishana. Waache wabishane kama wanavyobishana wakati wa chai, na muda wote uwe unarudisha swali moja: "Umeona nini kwenye maelezo kilichokufanya utoe hiyo?" Huko ni kujifunza kutetea alama kwa ushahidi, kwa mtu asiyekuwepo, pasipo mtu kuumia.

Sasa sehemu ya kujitathmini. Hao wanne wa "nzuri", watatu wa alama za juu na wawili wa kuacha wazi wote wamekupa jibu moja: hawaoni faida ya kuijaza kwa ukweli. Ukimwuliza mtu "Udhaifu wako ni upi?" kwenye karatasi ileile itakayoamua nyongeza yake, unamtaka ashuhudie dhidi yake mwenyewe. Atakayejibu kwa ukweli ni mwenye imani kubwa nawe au asiyejua matumizi ya fomu.

Hata kama fomu rasmi huwezi kuigusa, hakuna anayekuzuia kuambatanisha karatasi moja ya maandalizi. Maswali manne yanatosha. Ni kazi gani mbili au tatu ungependa zisisahaulike ninapokutathmini, na ushahidi wake uko wapi? Ni lengo gani halikufikiwa, na nini kilihusika: ujuzi, muda, vifaa, au mtu mwingine ambaye hakuleta sehemu yake? Ni utaratibu gani wa kitengo unakupotezea muda zaidi? Mwakani unataka kufanya nini zaidi, na nini kidogo? Usiweke alama hata moja kwenye karatasi hiyo. Wakijipa namba kabla, namba hiyo itakuvuta: ukiona tano, nne yako itaonekana ukatili, ukiona mbili, tatu yako itaonekana ukarimu. Hali kadhalika namba yako ikitangulia, itawavuta wao. Maneno kwanza, namba baadaye.

Waruhusu waandike kwa lugha wanayofikiria nayo. Fomu nyingi huandikwa kwa lugha ya ofisi kuu, na mtu anayeeleza kazi yake vizuri sana kwa mdomo hujikuta ana maneno matatu tu ya kuijaza. Asiyependa kuandika kabisa akueleze kwa dakika kumi, wewe uandike, kisha akague ulichoandika.

Karatasi ikufikie siku tatu za kazi kabla ya kikao. Lakini kabla hujaifungua, andika ya kwako: mambo mawili mazuri, moja la kurekebisha, kila moja na tarehe au tukio. Ukishasoma yake kwanza, utaanza kuandika kwa kumfuata au kumpinga, na jambo uliloliona wewe peke yako litapotea. Fomu rasmi iache tupu kwenye visanduku vya alama. Tunasisitiza hili kuliko yote: kikao kifanyike alama zikiwa hazijaandikwa.

Hapo ndipo utaratibu wako unapogongana na tarehe ya utumishi, kwa hiyo sogeza vikao mapema. Hesabu ni hii: saa moja ya kikao, nusu saa ya kusoma na kujiandaa, nusu saa ya kuandika baadaye. Kwa watu tisa ni saa 18. Usizidishe watu wawili kwa siku. Wa tatu atapata masalia ya akili yako. Panga siku tano za vikao, kisha acha angalau wiki moja na nusu kabla ya tarehe ya mwisho kwa ajili ya maoni na marekebisho. Na ikiwa kwenu alama husawazishwa na wakuu kabla ya vikao, kiasi kwamba ukikaa na mtu mambo yamekwisha, mwambie hivyo waziwazi na mzungumzie malengo tu. Ushiriki wa maonyesho ni mbaya kuliko kutomshirikisha, kwa kuwa mwakani hatajisumbua hata ukiwa na nafasi ya kweli ya kumsikiliza.

Siku ya kikao, toka nyuma ya meza ikiwezekana. Kaeni pembeni mwa kona moja, karatasi zote mbili zikionekana kwenu wote. Simu mbali. Dakika 20 za kwanza ni zake, na swali la kufungulia lisijibike kwa ndiyo au hapana: "Kwenye hizi kazi ulizoandika, tuanze na ipi?" Jibu lake litakuwa fupi. Mwulize, "Ilikuwaje hasa?" halafu nyamaza. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Wasimamizi wengi hawafiki nne. Wanaona haya, wanajaza kimya kwa maelezo yao, na mfanyakazi anashukuru kuokolewa. Ukivumilia, mara nyingi maneno huja kwenye saba au nane.

Zamu yako ikifika, toa hoja zako moja moja, na baada ya kila moja usiulize "Unakubali?" Nani atamwambia bosi wake hapana uso kwa uso? Uliza hivi: "Katika niliyosema, sehemu gani hailingani na ulivyoona wewe?" Swali hili limeshachukulia kwamba kuna sehemu isiyolingana, hivyo kuitaja si ukaidi tena bali ni kujibu ulichoulizwa. Akiitaja, usijitetee papo hapo. Iandike kwa maneno yake, msomee, uliza kama umeiandika sawa. Kumwona bosi akiandika pingamizi kwa mkono wake kunamwambia mtu mengi.

Hoja za kurekebisha zisizidi mbili. Watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya mwaka 1996 matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, walikuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya hali zilizopimwa, utendaji ulishuka baada ya mrejesho badala ya kupanda. Mambo huharibika zaidi pale mrejesho unapohamisha macho ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyaelekeza kwenye nafsi yake. "Wewe si mwangalifu" kunamfanya ajilinde. "Ankara za Machi zilirudishwa kwa kosa la namba ya agizo, na za Aprili pia" kunamfanya aziwaze ankara.

Watatu waliojipa alama za juu kabisa usiwapunguze kwa mabishano. Mwombe kila mmoja akuonyeshe kazi moja inayostahili alama hiyo, kisha someni kigezo cha fomu kwa sauti, neno kwa neno. Huenda akajishusha mwenyewe, huenda akakuonyesha jambo ambalo hukuliona. Anayejipunja ni mgumu zaidi, maana unyenyekevu wake unakurahisishia kazi. Usikubali. Mwulize nani angekwama kama yeye asingekuwepo mwezi uliopita.

Malengo ya mwakani ayaandike yeye, wewe urekebishe. Ukiyaandika wewe atayapokea kama kanuni za ofisi. Matatu yanatosha, na kila moja liwe na kipimo, tarehe, na safu ambayo fomu nyingi hazina: msimamizi atafanya nini. Mfano: "Ankara zinazorudishwa zishuke kutoka wastani wa 14 kwa wiki hadi 5 ifikapo mwisho wa Juni. Msimamizi: kukubaliana na mkuu wa ghala, kabla ya mwisho wa Januari, kwamba hakuna hati ya kupokelea mzigo inayotoka bila namba ya agizo." Bila safu hiyo ya mwisho, mtu wako ataadhibiwa kwa uzembe wa ghala, na analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Kuhusu mshahara: lengo liwe kuutoa kwenye kikao hiki. Hili si wazo jipya. Utafiti uliofanyika kwenye kampuni ya Marekani ya General Electric na kuchapishwa mwaka 1965 na watafiti Meyer, Kay na French ulionyesha kwamba kikao kimoja hakibebi mambo mawili, hukumu ya mshahara na mazungumzo ya kumwendeleza mtu. Anayesubiri kusikia kiasi chake husikiliza kama mshitakiwa. Walishauri vitenganishwe. Huwezi kubadili sera ya kampuni, lakini waweza kusema mwanzoni: "Leo hatuzungumzii nyongeza. Alama nitaiandika kesho kutwa kutokana na tutakayoyazungumza, na habari ya nyongeza nitakupa siku nyingine." Kisha litimize neno hilo. Ukidokeza kiasi kwenye dakika ya 50, umeharibu zile 49.

Ndani ya siku mbili jaza alama, na kando ya kila moja andika sentensi moja ya sababu. Palipo na pingamizi lake, eleza ulilikubali au hukulikubali na kwa nini. Mpe fomu akae nayo siku tatu hadi tano za kazi kabla ya kusaini, na uiombe idara ya utumishi ruhusa ya kuongeza mstari mdogo juu ya sahihi: "Sahihi hii inathibitisha kwamba nimesoma, si kwamba nimekubali." Acha nafasi ya maoni yake chini yake. Watu wengi husaini haraka kwa sababu wanadhani kuchelewa kusaini ni kugoma.

Lile swali la tatu kwenye karatasi ya maandalizi, la utaratibu unaopoteza muda, chagua jibu moja katika tisa na ulitekeleze ndani ya wiki mbili, wote waone. Lisilowezekana, sema haliwezekani na sababu yake. Kama hutatekeleza hata moja, liondoe swali hilo mwakani.

Baada ya hapo, dakika 20 kila miezi mitatu juu ya yale malengo matatu, ili kikao cha mwaka kisimshtue mtu kwa jambo la Februari.

Limebaki la mtu wako wa ankara. Usimwite ukamwambia umesikia analalamika. Utamchoma yeye na yule aliyekuletea habari, na kitengo kizima kitajua kwamba maneno ya chai yanafika ofisini kwako. Wape wote tisa, siku moja, nakala za fomu zao za mwaka jana, na ombi moja: kila mtu aweke alama ya kuuliza kando ya kisanduku ambacho hakilingani na kazi aliyofanya, hata kama ni kimoja tu, kisha aandike tukio au tarehe. Atakayeleta ushahidi unaosimama, andika barua fupi ya marekebisho iwekwe kwenye jalada lake. Nyongeza ya mwaka jana huenda imeshapita, lakini jalada bado linasomwa mtu anapoomba kupandishwa cheo.